Shosti, Simu Yake Siifungui

Mwezi huu naomba niwatolee dukuduku ambalo nimekaa nalo tangu niliporudi shule, maana naona sasa linataka kuniharibia urafiki na nusu ya watu ninaowajua.

Mnaonifuatilia kwenye safu hii mnakumbuka kwamba niliacha kazi ya uhasibu Mbinga mjini, nikamuaga baba watoto pale Litembo, nikapanda basi la alfajiri kwenda Dodoma kusoma usalama wa kompyuta. Sasa niko mwaka wa tatu. Ukiniuliza kozi yenyewe ni ya nini, jibu fupi ni kwamba tunafundishwa jinsi mitandao ya kompyuta inavyojengwa, inavyolindwa, na namna ya kugundua pale mtu asiyehusika anapoingia ndani. Hicho cha mwisho, kugundua uvamizi, ndicho kilichoniingia moyoni. Basi bwana, sijamaliza hata mwaka wa kwanza, nikaanza kuletewa kazi ambayo sikuiomba.

"Shosti, si unasomea mambo ya kudukua? Hebu nisaidie nione meseji za mume wangu."

Yaani hapo ndipo kasheshe ilipoanzia. Krismasi iliyopita nilifunga safari ya nyumbani: Iringa, Makambako, Njombe, Songea, Mbinga, halafu ule mpando wa kwenda Litembo ambao ukifika juu lazima utafute sweta. Sijakaa hata siku mbili, mama mdogo akanivuta nyuma ya jiko. Anataka kujua kama ile simu ya baba mdogo "inaweza kusomwa kwa mbali". Wifi yangu naye ana lake. Na msije mkasema ni wanawake tu, kwa sababu shemeji mmoja, mtu mzima na heshima zake kanisani, alinisindikiza mpaka njiapanda ili aniulize kwa sauti ya chini kama kuna programu ya kunasa simu anazopiga mke wake.

Wote hao nilicheka nao, yakaisha. Lakini kuna mmoja hakutaka kucheka, na huyo ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Ni rafiki yangu wa siku nyingi, tumesoma wote sekondari. Anafanya kazi Songea. Mahari imeshalipwa, ukumbi umewekewa advansi, kamati ya harusi inakaa kila Jumapili, kadi za michango zimeshatembea. Usiku mmoja simu yangu ikatoa mlio: nimepokea shilingi 150,000. Kabla sijakaa sawa akapiga. Hiyo hela ni yangu, ya vocha na ya shukrani, ila nimfungulie simu ya mchumba wake kabla ya send-off. Akanitumia na orodha. Dalili 11, kaziandika kwa namba kama mtu anayeandaa ripoti ya bodi.

Jamaa amebadili paswedi. Jamaa anaweka simu kifudifudi mezani. Anatoka nje kupokea. Anafuta meseji. Kuna namba imeandikwa "Fundi Bomba" ambayo inapiga saa nne usiku, na mabomba ya nyumbani kwake ni mazima. Siku hizi hacheki kama zamani. Amenunua manukato. Na kadhalika na kadhalika.

Nikamrudishia hela yake usiku huohuo na kumwambia hapana. Akanuna. Akasema, "Yaani unasoma hiyo elimu ya nini sasa?"

Swali zuri tu, na wengi wenu najua mnalo. Naanza na lile la sheria, nilimalize haraka. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu cha 4 kinasema ukiingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa umetenda kosa, na simu kwa maana ya sheria ile ni kompyuta. Faini haipungui shilingi milioni 3, au mara tatu ya faida uliyoipata kama hiyo ni kubwa zaidi, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Hakuna mahali palipoandikwa "isipokuwa kama umevalishwa pete". Na Katiba yetu, ibara ya 16, inapotaja vitu vya mtu vinavyostahili kuheshimiwa, inataja nafsi yake, familia yake, unyumba wake na mawasiliano yake binafsi, vyote kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo hata ndani ya ndoa, simu ya mwenzako ina mwenyewe.

Halafu zile programu mnazouziwa mitaani eti zinanasa kila kitu. Jamani! Meseji za mumeo haziji kwako moja kwa moja. Zinakwenda kwanza kwenye seva ya mtu usiyemjua, nchi usiyoijua. Moja ya maarufu kabisa duniani, inaitwa mSpy, imevujisha taarifa mwaka 2015, ikarudia 2018, ikarudia tena 2024. Umemchunguza mwenzako, na dunia nzima ikawachunguza wote wawili.

Lakini siyo sheria iliyonifanya nikatae, msinione mtakatifu wa makaratasi. Nilikataa kwa sababu ya kile tunachojifunza darasani, na hiki naomba mnisikilize kwa makini kidogo, maana nadhani kitawafaa hata msiojua kuwasha kompyuta.

Kulinda mtandao kuna sehemu mbili. Ya kwanza ni ukuta: funga milango, weka nywila, zuia wasiohusika. Ya pili inatokana na kukubali kwamba hakuna ukuta usiopandwa, kwa hiyo unamweka mlinzi ndani ya uwanja, anayeangalia kila kinachopita na kupiga king'ora akiona jambo la ajabu. Huyo mlinzi ni programu. Hapa nchini kuna kikosi cha taifa kinachoshughulikia matukio ya namna hiyo, TZ-CERT, kipo chini ya TCRA na kilitokana na sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010. Sisi wanafunzi tunaanzia chini kabisa, na laptopu chakavu na programu ya bure inayoitwa Snort, aliyoiandika Mmarekani Martin Roesch mwaka 1998. Alama yake ni nguruwe. Mimi mtoto wa Umatengo nguruwe namjua kwa matumizi mengine, lakini tukazoeana.

Mlinzi huyu anaweza kufanya kazi kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kama mgambo mwenye picha za wezi mfukoni: kila apitaye analinganishwa na picha. Wezi wa zamani atawakamata, mwizi mgeni atapita huku akisalimiwa. Njia ya pili ni kujifunza mazoea ya nyumba. Nani huingia saa ngapi, anabeba nini, anatokea mlango upi. Siku mtu akifanya tofauti na mazoea yake, king'ora. Mwanamama mmoja wa Marekani, Dorothy Denning, aliieleza njia hiyo kwenye makala yake ya mwaka 1987, na mpaka leo tunaisoma.

Sasa shosti wangu, bila kusoma darasa hata moja, alikuwa anatumia njia ya pili. Kakaa na mwanamume miaka minne, anajua mazoea yake, kaona yamebadilika. Hapo siyo mjinga hata kidogo.

Tatizo linakuja usiku wa kwanza unapoiwasha ile mashine. Kundi letu tuliiwasha jioni, tukaenda kula, tukarudi tukakuta vilio vya king'ora vimejaa skrini mpaka havihesabiki. Wenzangu wakashikana mikono, tumekamata wadukuzi! Tukaanza kupekua kimoja kimoja. Cha kwanza kilikuwa printa ya maabara ikitafuta wenzake. Cha pili simu ya mwanafunzi ikijisasisha. Cha tatu kundi jirani wakifanya zoezi lao. Saa saba usiku bado tunapekua, na mwizi hata mmoja hatujamwona. Mwalimu wetu alipokuja asubuhi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akachukua chaki akatuandikia hesabu ambayo nawaandikia na ninyi.

Tuseme kwa siku yanapita matukio 100,000 kwenye mtandao wa chuo, na kati ya hayo ya mwizi ni 10 tu. Mlinzi wako ni hodari kupindukia: katika kila wezi 100 anakamata 99, na katika kila watu wema 100 anamsingizia mmoja tu. Nani hatamtaka mlinzi wa hivyo? Haya, piga hesabu. Wezi 10 atawapata karibu wote. Watu wema ni 99,990, na asilimia 1 yao ni kama 1,000. Kwa hiyo king'ora kitalia mara 1,010, na mwizi yupo kwenye mara 10 peke yake. Mara 1,000 zilizobaki unawakaba watu wa Mungu. Mtafiti wa Uswidi, Stefan Axelsson, aliliandikia jambo hilo mwaka 1999 na tangu hapo limekuwa mwiba wa fani nzima. Walinzi wakichoshwa na ving'ora vya uongo, kile cha kweli kikilia wanageukia upande wa pili na kulala.

Najua mtaniambia: dada, wanaume wa Bongo siyo 10 katika laki! Nakubali, wala sibishani na mtu hapo. Kwenye mapenzi hesabu ya wakosaji ni kubwa kuliko ya wadukuzi. Lakini na nyie mkubali kwamba mlinzi wenu hana uhodari wa 99 kwa 100. Simu kifudifudi mezani? Mimi mwenyewe naiweka hivyo ili nile kwa amani. Manukato? Mtu anaoa! Wahenga walishasema ukimchunguza sana bata hutamla, ila wahenga hawakutuambia tufanye nini pale bata anaponuka kweli. Hapo ndipo nataka niwasimulie kisa kimoja cha kweli ambacho kwenye fani yetu kila mwanafunzi anakijua.

Mwaka 1986, California, kulikuwa na mtaalamu wa nyota anaitwa Clifford Stoll, kahamishiwa kitengo cha kompyuta cha maabara ya Lawrence Berkeley. Wakampa kazi ya kijinga: hesabu za matumizi ya kompyuta zimepishana kwa senti 75, tafuta kwa nini. Senti 75! Mtu mwingine angezitoa mfukoni akafunga faili. Mimi niliyefanya uhasibu nilimwelewa papo hapo, maana hesabu ikipishana hata kwa shilingi moja haitulii mpaka ujue. Jamaa akafuatilia, akakuta kuna mtu anatumia mashine bila kuandikishwa. Hakumfungia mlango. Aliazima printa kila kona, akaziunganisha na laini zinazoingia, akalala chini ya meza usiku kucha akisubiri. Ilimchukua karibu mwaka.

Na hapa wapenzi wa safu hii mtapafurahia. Ili kumfuatilia mwizi kwa njia ya simu walihitaji akae hewani muda mrefu, na yeye alikuwa anaingia na kutoka. Wazo la kumwekea chambo, mafaili mengi ya uongo yenye majina ya siri za kijeshi ili akae anasoma, lilizaliwa bafuni, Stoll akiwa anaoga na mpenzi wake ambaye alikuwa mwanafunzi wa sheria. Mpango wenyewe wakaupa jina la bomba la kuogea. Mwizi alinasa. Alikuwa Mjerumani wa Hannover, Markus Hess, ambaye yeye na wenzake walikuwa wanawauzia Warusi wa KGB walichoiba. Mwaka 1990 mahakama ya kwao iliwatia hatiani.

Nikikisoma kisa hiki naona senti 75 zilikuwa na thamani kwa sababu moja. Siyo kwamba zilikuwa za ajabu kuliko mambo mengine. Ni kwamba kulikuwa na sababu chache sana zisizo na hatia za hesabu kupishana. Printa ina sababu elfu za kupiga kelele usiku. Mizania haina.

Kwa hiyo nikarudi kwenye orodha ya shosti, nikaisoma kama kazi ya darasani. Nilipofika namba 9 nikasimama. Alikuwa ameiandika kwa kifupi, kama kitu cha kujazia tu: mshahara wa jamaa unaingia tarehe 25, na tarehe 27 anamwomba hela ya bodaboda. Zamani haikuwa hivyo. Nikampigia.

"Hii ya tisa vipi?"

"Hiyo achana nayo, si anamhonga huyo Fundi Bomba."

"Wewe umejuaje?"

Kimya.

Nikamweleza tunavyofundishwa. King'ora ni swali, siyo hukumu. Kikilia, kitu cha kwanza unachofanya siyo kuvunja mlango wa mtu. Unampigia mwenye mashine: mzee, usiku wa jana kompyuta yako ilituma vitu vingi kwenda mahali fulani, ulikuwa wewe? Mara nyingi atakuambia ndiyo nilikuwa mimi, na ushahidi anao. Akikataa au akijikanyaga, hapo una kitu mkononi. Na ukienda kumuuliza usimbebee dalili zote 11, maana 10 atakujibu kwa kicheko na ile moja itapotelea humohumo. Mbebee hiyo moja. Mshahara unakwenda wapi.

Alinijibu kwamba ushauri wangu ni wa bure kwa sababu hauna thamani. Tukakatiana simu.

Siku nne baadaye akapiga, sauti imekauka. Alikuwa amemuuliza, jioni, wakiwa wamekaa, bila kelele. Jamaa alinyamaza muda mrefu, halafu akaichukua simu mwenyewe, akaifungua na kuiweka mezani. Hakukuwa na mwanamke. Kulikuwa na programu tatu za mikopo ya mtandaoni. Alianza na laki mbili ya kumalizia mahari, akashindwa rejesho, akakopa kwa wa pili ili amlipe wa kwanza, akaingia kwa wa tatu. Deni lilikuwa limefika milioni moja na laki nne. Fundi Bomba ndiye aliyekuwa anadai, na alikuwa hadai kwa adabu. Siku ile jamaa anapakua programu alibonyeza "ruhusu, ruhusu, ruhusu", wakazoa majina yote kwenye simu yake, na sasa wanamtishia kuwaandikia bosi wake, mama yake na mwenyekiti wa kamati ya harusi.

Mnaona mambo hayo? Mvamizi alikuwepo kweli. Ila hakuwa upande ambao mlinzi alikuwa anamulika tochi.

Sasa msidhani shosti alifurahi. Aliniambia, "Bora ningekuta mwanamke, mwanamke ningejua pa kumpata." Na mimi sikumlaumu. Mtu amekuficha deni huku mnachagua rangi ya sare, hilo siyo jambo dogo, na wengine wangevunja uchumba siku hiyohiyo. Wao hawakuvunja. Harusi imesogezwa mbele, kamati imeambiwa ni sababu za kifamilia, jamaa amepeleka mikopo yake kwa mpangilio kazini wanamkata kidogokidogo. Wataoana? Sijui, na nikimuuliza ananiambia, "Ngoja kwanza." Kwa taarifa yenu, Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha kidijitali bila leseni. Kabla hujabonyeza "ruhusu", iangalie hiyo orodha. Na programu ya mkopo inayotaka majina ya marafiki zako wote haikuulizi ili iwasalimie.

Kisa hiki nilimsimulia baba watoto kwa simu, ilikuwa mwezi Machi na yeye katoka shambani. Maana mtaniuliza, na wewe uliye mbali na mumeo je? Yeye Litembo na kahawa yake na watoto, mimi Dodoma. Nikaanza kumweleza kwamba kwenye fani yetu hatutegemei ukuta mmoja, tunagawa mtandao vipandevipande ili mwizi akiingia kimoja asivipate vyote. Akanikatisha.

"Hiyo si ngoro?"

Kwa wasomaji wa mbali: ngoro ni kilimo chetu sisi Wamatengo. Milima yetu imesimama, mvua ikipiga ingetakiwa ishushe udongo wote mpaka bondeni. Kwa hiyo shamba lote linachimbwa vishimo, kimoja pembeni ya kingine, upana kama hatua moja au moja na nusu, kama sega la nyuki lililolazwa mlimani. Nyasi zikishakua mwishoni mwa masika zinafyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, kazi hiyo kwa desturi ni ya mwanamume. Halafu mwanamke anachimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi, na juu ya tuta anapanda maharage. Nyasi zinaoza chini kwa chini zikawa mbolea, msimu unaofuata panapandwa mahindi. Mvua ikija, kila shimo linashika maji yake. Moja likifurika, la chini yake linapokea. Hakuna anayejenga ukuta mmoja mkubwa juu ya mlima akaenda kulala.

"Na ujue," akaniambia, "mimi nikilaza nyasi vibaya, wewe tuta lako linakwenda na maji. Lakini sijawahi kukuona unakuja kunisimamia ninavyofyeka."

Nilicheka, lakini niliandika kwenye daftari langu la darasani.

Sisi wawili hatupeani nywila. Kuna wanandoa wanaopeana zote na wanaishi raha mustarehe, siwakosoi, ila nyumbani kwetu tumekubaliana vingine. Kuna bahasha kabatini, imefungwa kwa gundi na sote tumesaini juu ya mfuniko. Ndani mna nywila ya simu yangu na ya laptopu, na ya simu yake. Namba za siri za pesa hazimo. Mmoja akilazwa hospitali au akipatwa na jambo, mwenzake anafungua. Mpaka leo haijafunguliwa, na kila nikienda likizo najikuta nachungulia kabati. Maofisini nako wanaojua kazi yao wana bahasha ya namna hiyo.

Na kwa kuwa najua wapo wasomaji ambao wasiwasi wao ni kinyume chake, yaani wanahisi wao ndio wanaochunguzwa, haya ni mambo ya kufanya leo. Fungua WhatsApp, nenda sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kompyuta usiyoijua, kuna mtu anasoma mazungumzo yako akiwa amekaa, na njia hiyo ndiyo rahisi kuliko zote kwa sababu anahitaji simu yako dakika moja tu ukiwa bafuni. Iondoe, kisha weka uthibitisho wa hatua mbili. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, unaweza kushangaa. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" peleka 15040, usiishie kuzifuta. Na ukikuta simu inapata joto na chaji inaisha wakati huitumii, usikimbilie kumkaba mumeo, mara nyingi ni betri imezeeka. Pitia orodha ya programu zilizomo, angalia zipi zimepewa ruhusa ya kusoma meseji na kusikiliza maikrofoni. Ambayo huijui, iulize maswali.

Nimalizie na msomaji wangu wa Mbamba Bay, aliyetaka kujua kama binti yake anaweza kusoma fani hii na aanzie wapi. Anaweza, mama. Chuo Kikuu cha Dodoma wana shahada ya usalama wa mtandao na uchunguzi wa kidijitali, Chuo cha Uhasibu Arusha nao wanayo ya kwao, na wanaopitia stashahada waangalie vyuo vilivyosajiliwa na NACTVET. Hesabu zipo, tena za kutosha, na Kiingereza ni kingi. Darasani kwetu wanawake tuko saba, na mimi ndiye mkubwa kuliko wote, wananiita Mama. Mwambie asiwe na haraka ya kununua laptopu mpya ya bei mbaya. Iliyotumika, yenye kumbukumbu ya kutosha, inatosha kabisa kumwasha nguruwe.